Maambukizi hospitalini: itafutwe njia, asisakwe mtu

Tarehe 9 Machi 2020, mtu aliyetoka safari ya Ulaya alifika chumba cha dharura cha Hospitali ya St. Augustine's, Durban, akiwa na dalili za maambukizi ya njia ya hewa. Siku hiyohiyo alipokelewa hapo bibi mmoja, ikihofiwa kwamba amepatwa na kiharusi. Hadi mwisho wa Aprili, watu 119 waliohusiana na hospitali hiyo walikuwa wamethibitika kuwa na UVIKO-19: wagonjwa 39 na wafanyakazi 80. Wagonjwa 15 walifariki.

Msiba wa namna hii ukitokea, swali la kwanza huwa ni nani kaleta ugonjwa. Minong'ono huanza, na mara nyingi humwangukia muuguzi au mfagizi wa wodi, mtu asiye na wa kumtetea.

Durban walifanya vingine. Richard Lessells, Yunus Moosa na Tulio de Oliveira, wataalamu wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, waliingia kuchunguza, na sampuli kadhaa zikasomwa vinasaba. Virusi vilikuwa vinafanana mno. Maelezo yenye uzito yakabaki haya tu: viliingia hospitalini mara moja, kisha vikasambaa humohumo.

Vinasaba vya virusi vya korona ni mfuatano wa herufi zipatazo 30,000, na kwa wastani mabadiliko kama mawili hujitokeza kila mwezi. Kwa hiyo wagonjwa wawili wa wodi moja wakikutwa na virusi vinavyotofautiana sana, hawakuambukizana, hata kama vitanda vyao vilikaribiana. Vikifanana, hapo tahadhari inahitajika: kufanana hakusemi nani alimwambukiza nani. Anayetaka kumfukuza mtu kazi kwa ushahidi huo anautumia vibaya.

Ndiyo maana wachunguzi wa Durban hawakuishia maabara. Walifuatilia mafaili ya wagonjwa, nani alilala wapi, lini akahamishwa, zamu zilipangwaje. Picha iliyojitokeza ni ya wagonjwa waliohamishwa mara kwa mara kutoka wodi hadi wodi, na virusi vikafika hadi kitengo cha kusafisha damu na nyumba moja ya kutunzia wazee. Walihisi pia kwamba mikono ya wahudumu na vifaa vinavyopita kitanda hadi kitanda, yaani vipimajoto, mikanda ya kupimia presha na stethoskopu, vilichangia sana. Hayo yanarekebishika kesho asubuhi, bila kumfukuza mtu.

Afrika Mashariki ina sababu zake za kulisikiliza hili. Mlipuko wa virusi vya Marburg uliotangazwa Rwanda Septemba 2024 uliwapata watu 66 na kuua 15, na wengi wa waliougua walikuwa wahudumu wa afya, hasa wa hospitali za Kigali. Vinasaba vilionyesha kwamba virusi viliruka kutoka kwa mnyama mara moja tu. Kilichofuata kilitoka kwa binadamu kwenda kwa binadamu, palepale walipokuwa wakihudumiana, na hapo ndipo ulinzi ulipopaswa kuelekezwa.

Uwezo upo. Kituo cha KEMRI-Wellcome Trust cha Kilifi kimesoma vinasaba vya virusi vya korona vya Wakenya tangu mwaka 2020, na leo zipo mashine za kazi hiyo zinazoenea kiganjani. Kinachohitajika zaidi ni mapatano kati ya wodi na maabara kabla mlipuko haujaja. Sampuli ikitupwa mara tu jibu linapotoka, hakuna kitakachosomwa. Majibu yakifika baada ya miezi, yatafaa makala za kitaalamu, si mgonjwa aliyelazwa leo. Na muuguzi akijua kwamba ratiba yake ya zamu itageuzwa hati ya mashtaka, atakaa kimya siku atakayoanza kukohoa. Wizara za afya ziandike waziwazi katika miongozo yao ya kudhibiti maambukizi kwamba taarifa hizo hazitatumika kumwadhibu mhudumu, na zitenge fedha za kusoma sampuli ndani ya siku chache.