Kifaransa cha Mazungumzo Nacho Kina Kanuni Zake

Mwanafunzi aliyejifunza Kifaransa kwa vitabu peke yake aghalabu husoma gazeti la Paris bila taabu, lakini akiwasikiliza Wafaransa wawili wakizungumza sokoni hupotea. Kitabu kilimfunza “je ne sais pas”, yaani sijui; masikio yake yanapokea kitu kama “shepa”. Wako walimu watakaomwambia kuwa huo ni uvivu wa ulimi tu. Rai hiyo siikubali, kwani ushahidi wa kinasa sauti unaipinga.

Katika miaka ya 1950 Georges Gougenheim na wenzake walinasa mazungumzo ya watu 275 nchini Ufaransa, wakapata maneno 312,135, wakayahesabu. Likatokea jambo la kustaajabisha: majina ya vitu vya kila siku, kama vile uma wa mezani, yalikuwa adimu mno, ingawa hakuna Mfaransa asiyeyajua. Kitu kikiwa mbele ya macho hakuna haja ya kukitaja. Msemaji husema “ça”, yaani hiki, akaeleweka. Ikawabidi watafiti hao wabuni njia ya pili: waliwataka wanafunzi waandike, kwa kila mada, majina 20 yaliyowajia akilini. (Hata mwalimu wa hisabati angefaidika na kisa hiki.)

Mwaka 1968 walimu wa vyuo vikuu vya Uingereza walianza kuwarekodi wakazi wa mji wa Orléans. Baadaye Claire Blanche-Benveniste na kundi lake huko Aix-en-Provence waliichambua sarufi ya usemi kwa makini. Leo twajua kwamba kuiacha “ne” si alama ya ujinga. Hata wakili huiacha akiwa na rafiki zake, na akisimama kuhutubia huirejesha mara nyingi zaidi. “Pas” ndiyo ibebayo ukanushi, nayo haiachwi ovyo. Vilevile “on” imetwaa sehemu kubwa ya nafasi ya “nous”, na asemaye “on parle” hukiweka kitenzi katika umoja hata akikusudia watu kumi. Je, hiyo si kanuni?

Sisemi mtahiniwa aandike “shepa” katika insha; maandishi yana sheria zake. Naomba tu mwalimu wa Kifaransa awape wanafunzi dakika mbili za mazungumzo yaliyorekodiwa, wayaandike neno kwa neno, pamoja na vituo na marudio yote. Ajiandae: dakika hizo mbili zitamaliza kipindi kizima.