Mtoto wangu anataka kwenda kuchimba makaburi!



Mama mmoja wa Likasi ametuandikia na moyo mzito. Binti yake anasoma historia kwenye universite. Vakansi ya kiangazi ikifika, wanafunzi watakwenda kukaa kambini majuma manne, wavulana na wasichana, kujifunza kuchimbua vitu vya wazee wa zamani. Mama anauliza: «Kazi gani hii ya kusumbua wafu? Tena nani atamlinda mtoto wangu ndani ya hema?»

Mama, maswali yako yote mawili ni ya haki.

Tuanze na kazi yenyewe. Sisi watu wa migodi tunajua kuchimba: mtu anashuka, anakata, anapandisha mfuko, anapima kilo. Kule ni namna ingine kabisa. Wanagawanya kiwanja kwa kamba na vijiti, mraba kwa mraba. Wanapiga magoti na kukwangua udongo pole pole kwa mwiko wa mwashi na brashi, halafu udongo wote unapita katika chekeche. Kigae kikionekana, mtu hakirukii. Kinapimwa, kinachorwa, kinapigwa picha pale pale, kisha kinaingia mfukoni na namba yake. Kwa sababu gani? Kigae kilichotolewa pahali pake bila kuandikwa ni sawa mtoto aliyeokotwa sokoni asiyejua jina la baba yake. Na udongo ukishachimbwa, umekwisha. Hakuna mtu atakayeusoma mara ya pili.

Sasa juu ya wafu. Mara nyingi wachimbaji hawa hawagusi kaburi. Wanatafuta majivu ya jiko, tanuru ya chuma, jalala la kijiji. Lakini kuko pahali makaburi ndiyo yaliyosema. Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu walichimba mwaka 1957 na 1958, na Pierre de Maret akarudi mwaka 1974. Walikuta watu waliozikwa miaka elfu moja iliyopita, na vyungu vizuri, mashoka, mapambo ya shaba. Sikia hili, mama: kaburi la mtoto mdogo lilikuwa na vyungu vidogo, na la mkubwa vyungu vikubwa. Kuko mzazi aliyelia pale, akamfinyangia mtoto wake chungu cha kadiri yake. Bila mwiko na brashi tungemjua wapi?

Na shaba ile haikutoka ziwani. Ilitoka huku kusini, kwenye udongo wetu. Katika makaburi yaliyofuata walikuta misalaba ya shaba. Si msalaba wa kanisa. Ni umbo tu ambalo wahunzi walimiminia shaba. Kadiri miaka ilivyopita, misalaba ikawa midogo, mingi, na ya kipimo kimoja. Njo maana wataalamu wanasema ilikuwa feza. Basi mtu akimwambia mtoto wako kwamba shaba ya Katanga ilianza na wazungu, atakuwa na jibu.

Hata hivyo, mama, una haki kuuliza: chefu na watu wa kijiji walikubali? Serikali imetoa ruhusa? Mifupa itawekwa wapi? Mwalimu asiyekuwa na jibu kwa maswali haya, usimpe mtoto wako.

Swali la pili, kambi. Mwendee mwalimu mapema. Wasichana wana hema zao mbali na za wavulana? Kuko mama mwenye kuheshimiwa atakayelala kambini nao? Maji ya kunywa yanachemshwa? Kuko chandarua, dawa na gari la kumpeleka mgonjwa? Na zamu ya jikoni iwe ya wote: kijana aliyeshika mwiko wa kuchimba mchana anaweza kushika mwiko wa bukari mangaribi. Kisha chakula wanakaa pamoja kuosha vigae kwa brashi ya meno na kuandika daftari la siku. Kijana asiyejua kuvumilia wenzake atajulikana siku ya tatu!

Ninyi vijana mnaochimba msingi wa nyumba au mnaotafuta madini kwa mikono, neno hili ni lenu pia. Ukikuta msalaba wa shaba ao chungu cha zamani, usikimbilie kwa mnunuzi. Atakupa feza ya siku mbili, na habari ya babu zako itapotea kwa milele. Simama, usichimbe tena pale, umwite chefu ao mwalimu.

Mama wa Likasi, wakikujibu vizuri, mwache binti aende. Mfungie blanketi nzito, maana usiku wa kiangazi ni baridi. Akirudi na magoti yenye vumbi, mketishe karibu na mbabula, akusimulie yote. Tena umwite bibi yake asikilize. Labda yeye ndiye atakayejua chungu kile kilikuwa cha kazi gani.