Tuanze na Balbu Moja



Ndugu wananchi wa Morogoro, wa mjini na wa milimani, naomba leo tuzungumze habari ya taa za nyumbani kwetu: ya sebuleni, ya jikoni, na hasa ile ya nje inayowashwa magharibi ikaachwa hadi alfajiri. Ukipita usiku Kihonda, Bigwa au Kilakala, nyumba nyingi zina taa hiyo. Tunaiwasha kwa ajili ya usalama, na ni jambo jema. Lakini je, umewahi kujiuliza inakula uniti ngapi kwa mwezi?

Tupige hesabu pamoja. Ikiwa ni balbu ya zamani ya wati 60, ile yenye uzi mwembamba unaong'aa ndani, na inawaka saa 12 kila usiku, kwa mwezi inamaliza uniti 21 na zaidi. Balbu ya LED ya wati 9 ina mwanga unaolingana nayo. Ikiwaka muda huohuo, inatumia uniti 3 na kidogo. Tofauti ni uniti 18.

Kwa wengi wetu tunaolipa bei ya kawaida ya majumbani, tukiingiza shilingi 10,000 kwenye LUKU tunapata uniti 28 hivi. Basi uniti 18 ni zaidi ya shilingi 6,000 kila mwezi, kwa taa moja tu. Hata kama balbu ya LED utainunua shilingi 5,000, mwezi mmoja unatosha kurudisha fedha yako.

Na wewe uliye katika kundi la watumiaji wadogo, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi? Kwako itachukua muda mrefu kidogo, miezi miwili au mitatu, kwa sababu unauziwa umeme kwa bei nafuu. Lakini una faida nyingine: uniti 18 zikipungua, huo ukomo wa 75 unakuwa mbali nawe, na unaweza kuwasha redio au feni bila wasiwasi.

Tofauti hii inatoka wapi? Balbu ya zamani hutoa mwanga kwa kupasha moto uzi wa tungsteni mpaka ung'ae. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za umeme unaoingia humo hugeuka joto. Ndiyo maana ukiigusa inakuunguza. Kwa kweli ni jiko dogo linalotoa mwanga kidogo.

LED haina uzi wa kupashwa moto. Ndani yake mna vipande vidogo vinavyotoa mwanga umeme unapopita. Mwaka 1962 Mmarekani Nick Holonyak alitengeneza LED ya mwanga mwekundu. Ya bluu iliwasumbua wataalamu kwa miaka mingi, na bila bluu mwanga mweupe wa kuangaza nyumba usingepatikana. Waliofanikiwa, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ni Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wote wazaliwa wa Japani. Mwaka 2014 walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Matunda ya kazi yao leo yanauzwa katika maduka ya vifaa vya umeme hapa mjini.

Kuna suala la uimara pia. Balbu ya zamani hudumu kwa saa 1,000 hivi, na ikiwa ni taa ya nje haimalizi miezi mitatu. LED nzuri hufika saa 15,000 na zaidi. Kwa matumizi yaleyale, hiyo ni miaka mitatu na ushei.

Je, zile balbu za mirija iliyojikunja, tulizozizoea kwa jina la enaji seva? Zilitufaa sana, maana zilipunguza matumizi kuliko balbu za uzi. Shida yake ni kwamba ndani mna zebaki, hata kama ni kidogo, na zebaki ni sumu. Nchi za Afrika ndizo zilizotoa hoja, chini ya Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania ni mwanachama, kwamba taa hizi ziondolewe. Mwaka 2022 wanachama walikubaliana kukomesha utengenezaji na uingizaji wa balbu hizo ndogo kufikia 2025, na mwaka uliofuata wakakubaliana kwamba tyubu ndefu zifuate kufikia 2027.

Kwa hiyo enaji seva iliyopo nyumbani ikipasuka, tulia. Fungua madirisha, watoe watoto chumbani kwa muda, vaa glavu au mfuko mikononi, kusanya vipande kwa karatasi ngumu na uvifunge vizuri kwenye chombo. Tafadhali visitupwe mtoni. Mto Morogoro unateremka kutoka milima ya Uluguru, unapita katikati yetu na kuingia Ngerengere, na Ngerengere inaishia Ruvu, ambako ndugu zetu wa Dar es Salaam wanachota maji ya kunywa. Tunachokitupa sisi kinawafikia wao.

Sasa niwageukie ndugu zangu wa milimani: Mgeta, Kinole, Matombo na vitongoji vya juu zaidi. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umefikisha nguzo katika vijiji vingi, lakini ziko nyumba ambazo bado ziko mbali na waya. Humo kibatari kingali kinafanya kazi. Moshi wake unaingia kwenye vifua vya watoto wanaosoma wakiwa wamekiinamia, na mafuta yakimwagika moto unaweza kuunguza nyumba. Je, lazima tuendelee hivyo?

LED imetufungulia njia. Kwa kuwa inahitaji umeme kidogo mno, paneli ndogo ya sola inatosha kuwasha taa mbili tatu na kuchaji simu. Ukiinunua, itafutie mahali pasipo kivuli cha migomba, iinamie kaskazini kidogo, na uifute vumbi na ukungu mara kwa mara. Upande wa mashariki wa Uluguru mvua na mawingu ni vya kudumu, hivyo ni busara kuchagua paneli kubwa kidogo kuliko anayoitumia ndugu yako wa tambarare. Na wale wanaotumia tochi za betri kavu, naombeni betri zilizokwisha zisitupwe shambani wala kwenye vyanzo vya maji. Zikusanywe kwenye kopo, zipelekwe mjini pamoja na taka za aina hiyo.

Na kazini je? Wewe mwenye duka Soko Kuu la Chifu Kingalu, taa zako zinawaka saa ngapi kwa siku? Mwalimu, madarasa ya wanafunzi wanaojisomea usiku yana tyubu ngapi? Wazee wa kanisa na viongozi wa msikiti, ukumbi ukishatoka watu, nani anazima taa? Tyubu laiti ya wati 36 inaweza kubadilishwa kwa ya LED ya wati 18. Hapo mwite fundi umeme, maana mara nyingi choki na stata ya zamani lazima viondolewe au waya zibadilishwe.

Najua wafugaji wa kuku wataniuliza: vifaranga vyetu je? Ni kweli, LED haina joto la kuvitosha. Kwenye bruda endelea na balbu ya joto, lakini ziba matundu ya upepo, weka maranda ya kutosha, na uizime vifaranga vikishaota manyoya. Kwa mwanga wa banda zima, LED inatosha.

Unapokwenda kununua, angalia mambo matatu. Kwanza, alama ya ubora ya TBS kwenye boksi. Pili, lumeni, maana ndizo zinazopima mwanga: lumeni 800 hivi zinalingana na balbu ya zamani ya wati 60. Wati zinakuambia umeme utakaoliwa. Tatu, risiti na dhamana, ili ikifa mapema uweze kuirudisha. Ya nje iwe ya aina inayohimili mvua, na usiibane kwenye kava lisilopitisha hewa, kwa sababu joto hufupisha maisha ya LED.

Huenda mwingine akasema: sasa tunalo Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, na Kidatu ya mkoani kwetu yenye megawati 204 ipo tangu miaka ya 1970. Tubane matumizi ya nini? Swali ni zuri. Lakini bwawa hujazwa na mvua, na sote tunakumbuka mgao wa 2006, wa 2011 na wa 2022, miaka ambayo maji yalipungua. Zaidi ya hapo, kuanzia saa moja hadi saa nne usiku karibu sote tunawasha kwa pamoja, na transfoma ya mtaa ni ileile. Kila wati unayoiacha inapunguza mzigo huo, inampa jirani nafuu, na fedha inabaki mfukoni mwako.

Hakuna anayekutaka ubadilishe nyumba nzima kwa siku moja. Itafute balbu inayowaka muda mrefu kuliko zote nyumbani kwako, uanze na hiyo. Ile fedha itakayobaki mwezi wa kwanza inunue ya pili. Watoto wapewe kazi ya kusoma mita ya LUKU kila Jumapili na kuandika namba; watafurahi kuona uniti zinavyodumu. Na ukimaliza kwako, mtazame mzee au mjane jirani asiyeweza kupanda kiti kufungua balbu, umsaidie.

Wananchi wenzangu, jambo hili liko ndani ya uwezo wetu. Halingoji mkutano wala agizo. Mwezi huu, kila nyumba ibadilishe balbu moja.