Jamu ya kwinsi: Faida iko kwa mwenye miti

SOKO la jamu barani Ulaya limewekewa kanuni mpya, na mfanyabiashara anayetazama bei peke yake ataachwa nyuma.

Chini ya sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2001, jamu ya kawaida ilitakiwa iwe na angalau gramu 350 za tunda katika kila kilo. Kwinsi, tunda la manjano lililo jamaa ya tofaa na pea, iliruhusiwa gramu 250 tu. Mwaka 2024 Umoja huo uliamua kupandisha viwango hivyo hadi 450 na 350, vianze kutumika Juni 2026.

Maana yake ni kwamba kiwanda kilichokuwa kikipika kwinsi kwa kiwango cha chini kabisa kinahitaji tunda zaidi kwa asilimia 40. Kitalitoa wapi? Hapo ndipo mwenye shamba anapopata nguvu ya kusema bei.

Kwinsi mbichi haina wanunuzi wengi. Ni ngumu na ina ukakasi. Lakini ikipikwa hunukia, hugeuka nyekundu, na pektini yake nyingi huigandisha jamu bila kuongezwa nyingine. Wareno huiita marmelo, na ndiko lilikotoka jina la mamaledi. Hili ni tunda ambalo thamani yake hutoka jikoni, si sokoni.

Familia ya Wilkin ya Tiptree, Essex, nchini Uingereza, ililielewa jambo hilo mapema. Ilianza kupika jamu ya matunda yake mwaka 1885, na kwinsi bado imo katika orodha yake. Uingereza ilitoka katika Umoja huo mwaka 2020, lakini chupa inayouzwa ndani ya Umoja hufuata sheria za huko.

Hata hivyo, tahadhari. Mti huchukua miaka kuzaa, mavuno ni mara moja kwa mwaka, na sukari na chupa hulipiwa kabla jamu haijauzwa. Fedha ya mkopo wa miezi mitatu haifai hapa.

Ushauri wetu ni mfupi. Mwenye duka asome lebo: gramu ngapi za tunda? Mwenye akiba, kabla ya kununua hisa ya kiwanda cha jamu, aulize: miti ni ya nani?