Mtandao ukisumbua, huenda foleni iko ghalani

Mkulima anayekwenda kununua mbolea ya ruzuku hatoki na mfuko kwa sababu ana fedha mkononi tu. Tangu mpango wa ruzuku ulipozinduliwa jijini Mbeya Agosti 2022, mauzo hupitia kwenye mfumo wa kompyuta. Wakala huingiza namba ya mkulima, husubiri mfumo umtambue, ndipo mfuko utoke. Msimu ule wa kwanza foleni ndefu zilionekana mbele ya maduka ya pembejeo katika maeneo mengi. Sababu zilikuwa nyingi, ikiwamo uchache wa mawakala na umbali wa vijiji. Lakini kila mahali ambako watu husubiri simu ijibu, iwe dukani, kwenye malipo ya mazao au kwa wakala wa fedha, maelezo huwa yale yale: mtandao unasumbua.

Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine simu inaonyesha mnara umejaa na jibu bado halirudi. Hapo tatizo huwa mbali na mnara, ndani ya kompyuta kubwa inayotunza kumbukumbu za watu wote, katika hatua ya kuzitoa kwenye diski na kuzifikisha kwa programu inayozihitaji.

Mwenye duka anaielewa hatua hiyo bila kusoma kompyuta. Bidhaa zake ziko sehemu mbili: juu ya meza na stoo. Sukari na sabuni ziko mezani, mteja akiomba anapewa papo hapo. Msumari wa bati uko stoo, na kijana lazima aende kuutafuta. Kompyuta nayo ina meza, yaani kumbukumbu ya muda ambayo ni ya haraka lakini ni ghali na hufutika umeme ukikatika. Ina pia stoo, yaani diski, ambayo ni rahisi na hutunza vitu miaka mingi.

Kijana wa stoo ana mwendo wake. Diski ya kawaida ya kuzunguka hufanya mizunguko 7,200 kwa dakika, sawa na 120 kwa sekunde. Ili kusoma kumbukumbu moja, mkono wa diski husogea hadi mahali pake na kusubiri sahani izunguke, na kwa wastani kazi hiyo huchukua kama milisekunde 12. Kwa hiyo diski moja hutoa kumbukumbu 80 hivi kwa sekunde kama zimetawanyika. Iwapo kumtambua mkulima mmoja kunahitaji kufungua sehemu kumi tofauti, diski hiyo itahudumia wakulima wanane kwa sekunde. Wakala mmoja hawezi kuona tatizo. Mawakala mia wakibonyeza kwa pamoja, wa mwisho atangoja zaidi ya sekunde kumi, na wengi hawangoji. Wanabonyeza tena, na foleni inaongezeka maradufu kwa maombi yale yale.

Cha kushangaza ni kwamba diski hiyo hiyo, ikisoma vitu vilivyopangwa mfululizo, hutoa megabaiti 150 au zaidi kwa sekunde. Ikisoma vipande 80 vya kilobaiti nne vilivyotawanyika, haifikishi hata nusu megabaiti. Tofauti ni zaidi ya mara 400, na chuma ni kile kile. Diski mpya zisizozunguka, zinazouzwa kwa jina la SSD, zimepunguza sana pengo hilo kwa kuwa hazina mkono wa kusogeza. Hata hivyo nazo zina kikomo, na seva nyingi za vyama na taasisi ndogo bado zina diski za zamani.

Suala la kitu kipi kikae mezani na kipi stoo lilipata jibu la kiuchumi mwaka 1987. Wataalamu wawili wa Marekani, Jim Gray na Franco Putzolu, walipiga hesabu kwa bei za wakati huo. Uwezo wa kusoma diski mara moja kila sekunde, pamoja na vifaa vinavyoambatana nao, uligharimu kama dola 2,000. Kutunza kilobaiti moja mezani kuligharimu dola 5. Kumbukumbu inayoombwa mara moja kila sekunde 400 hutumia sehemu moja ya 400 ya zile dola 2,000, nayo ni dola 5. Hapo gharama zinalingana. Wakaiita kanuni ya dakika tano: kinachoombwa mara nyingi zaidi ya hapo kikae mezani, kinachoombwa kwa nadra kirudi stoo. Bei zimeshuka mno tangu wakati huo na dakika zimebadilika, lakini programu nyingi za kutunza kumbukumbu bado hufuata mantiki hiyo: kilichotumika karibuni hubaki karibu.

Kwa mkulima, mantiki hiyo ina ubaya wake. Wakala wa fedha mjini anayefanya muamala kila baada ya dakika mbili, kumbukumbu yake haiondoki mezani. Mkulima wa mahindi ananunua mbolea ya kupandia, kisha ya kukuzia, basi. Kumbukumbu yake hulala stoo karibu mwaka mzima. Mvua zinaponyesha, wakulima wa wilaya nzima huombwa katika wiki moja, wote kutoka stoo, wote kwa mpangilio uliotawanyika ambao diski huuchukia. Kompyuta haikumbagua mtu. Imefanya tu hesabu ambayo msimu haumo.

Dawa yake si ghali. Kumbukumbu za wakulima milioni tano, zikiwa kilobaiti mbili kila moja, hufikia gigabaiti kumi. Hizo zinaenea kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta ya gigabaiti 16, seva kubwa mtu asiitaje. Msimamizi wa mfumo anaweza kuzisoma mfululizo usiku wa kuamkia msimu, kazi ya dakika chache, na asubuhi zikawa mezani. Kinachohitajika ni mtu anayeijua kalenda ya kilimo kukaa na mtu anayeijua diski, jambo ambalo pengine ndilo gumu kuliko yote.

Wakulima wa Same wanaijua mbinu hiyo kwa maji. Ndiva za milimani hujazwa usiku kijito kikitiririka polepole, asubuhi lango hufunguliwa na maji hushuka kwa nguvu ya kutosha kufika shamba la mwisho. Lango linadhibitiwa, kwani likiachwa wazi mfereji hubomoka na wa juu humaliza maji. Kwenye kompyuta ni vivyo hivyo. Diski ya kasi ikimwaga data kuliko programu inavyoweza kupokea, meza hujaa na mashine hukwama. Kwa hiyo huwekwa lango: sehemu ya kungojea yenye ukubwa maalumu, ikijaa usomaji husimama kwanza.

Zamu nazo zipo. Mfumo wa Linux, unaoendesha seva nyingi duniani, una mpangaji wa foleni anayelipa kila ombi muda wa mwisho. Kwa kawaida ombi la kusoma hupewa nusu sekunde na la kuandika sekunde tano. Sababu yake ni ya busara: anayesoma ana mteja mbele yake, anayeandika anaweza kungoja kidogo. Kwa malipo, hata hivyo, kungoja kuna hatari, maana kilichoko mezani hupotea umeme ukikatika. Ndiyo maana mifumo makini ya fedha huandika kwanza muamala kwenye daftari la mfululizo ndani ya diski, ndipo hutuma ujumbe kwamba malipo yamepokelewa. Mwenye matenga ya nyanya yanayopakiwa Ilula anayesisitiza kuuona ujumbe kabla lori halijaondoka ana haki ya kufanya hivyo.

Vyama vya ushirika na SACCOS vinavyohamia kwenye seva za kukodi, yaani wingu, vinakutana na lango la aina nyingine, ambalo linafunguliwa kwa fedha. Kampuni ya Amazon, kwa mfano, ina aina ya diski ya kukodi iitwayo gp2 inayotoa usomaji au uandishi mara 3 kwa sekunde kwa kila gigabaiti. Gigabaiti 100 hupata 300. Lakini diski hiyo huwa na akiba ya kasi inayoiruhusu kufika 3,000 kwa sekunde, na ikitumiwa kwa nguvu zote akiba hiyo huisha baada ya dakika 33 hivi, kisha kasi hurudi 300. Aina iliyofuata, gp3 ya mwaka 2020, huanza na 3,000 za kudumu, na nyongeza hulipiwa.

Wauzaji wa mifumo hupenda kutaja gigabaiti. Kamati ya chama inafaa iulize kingine: mfumo utasoma mara ngapi kwa sekunde siku ya malipo ya mazao, wanachama wote wakiangalia salio kwa pamoja, na kunakili kumbukumbu za akiba kumepangwa saa ngapi, kwa kuwa kazi hiyo ikifanyika saa nne asubuhi hugombania diski ile ile na watu waliopanga foleni dirishani. Aidha, jaribio lifanywe kwa saa mbili mfululizo. Maonyesho ya muuzaji kwa kawaida huwa mafupi, na diski yenye akiba ya dakika 33 itayapita yote bila kutetereka.