Lubumbashi: Kuku wa lupango anaparua vumbi la migodi, nani anampima?

Katika Haut-Katanga na Lualaba, wakaaji wengi wanaamini kuku wa lupango ni salama kuliko yule wa baridi anayetoka ng'ambo ndani ya makartoni. Kwa utamu, kweli, hakuna mashindano. Usalama ni jambo lingine, hasa katika mji kama Lubumbashi unaoyeyusha shaba tangu 1911.

Kuku wa kienyeji anaishi kwa kuparua. Anadonoa minyoo na mabaki ya bukari, anameza na vijiwe ili firigisi isage chakula. Udongo ukiwa na vumbi la kiwanda, risasi na kadmiamu vinaingia pamoja. Nyama ya kifua inabeba kidogo. Maini na figo ndiyo ghala. Risasi inajificha pia ndani ya mifupa. Kuku anapotaga, mwili unachota kalsiamu humo humo ili kutengeneza ganda, na risasi inafika mpaka kwenye kiini cha yai. Kuchemsha hakusaidii: metali haifi kwa moto kama mikrobi.

Kule Kabwe, Zambia, penye mgodi wa zamani wa risasi na zinki, watafiti walichapisha vipimo mwaka 2013: kuku wa kuzurura walikuwa na risasi na kadmiamu nyingi kuliko wa kufungiwa, kupita kiasi kinachoruhusiwa kwa mlaji. Na hapa Katanga, tangu 2009, Chuo Kikuu cha Lubumbashi na kile cha Leuven, Ubelgiji, walionyesha kobalti nyingi mno kwenye mkojo wa wanaoishi karibu na migodi, watoto wakiwa mbele.

OCC inajua kusimamisha lori Kasumbalesa. Yai la lupango linafika soko ya Kenya bila swali. Mama anayeliuza hana kosa, na kumnyang'anya kapu lake itakuwa aibu. Kodi ya madini ya 2018 inadai kampuni zitoe 0,3% ya mauzo kwa maendeleo ya wakaaji: sehemu ndogo ya pesa hiyo inatosha kupima udongo na mayai karibu na viwanda, na kubandika matokeo kartie kwa kartie. Wanaogawa vifaranga kwa vikundi vya akina mama wangoje kwanza vipimo hivyo. Kwa sasa, karibu na viwanda, chakula cha kuku kiwekwe ndani ya chombo, si chini, na maini yake wasipewe watoto wadogo.