Kubeba Chakula Safarini Si Kukosa Imani

 

Neno la kusoma: 1 Wafalme 19:1-8.

Leo nasema na wewe unayesafiri kwa ajili ya kazi. Wewe dereva wa lori unayelala Mtito Andei. Wewe makanga unayekwenda Mombasa na kurudi Malindi mpaka usiku. Wewe fundi uliyeitwa mjengo Lamu wiki tatu. Wewe mwalimu, wewe nesi, unayeenda semina. Wewe unayetembeza wageni Tsavo. Tunakuombea safari, tunafunika gari kwa damu ya Yesu, na tutaendelea kufanya hivyo. Lakini leo nina swali moja tu: umebeba nini cha kula?

Najua kuna atakayecheka. "Pasta, hilo nalo ni neno la madhabahuni?" Ndiyo, mpendwa. Nisikize vizuri.

Eliya alikuwa amechoka. Muda mfupi kabla alishusha moto mlimani, sasa amekaa chini ya mti jangwani, anaomba afe. Angalia Mungu alimfanyia nini. Malaika hakuanza kwa kumkemea. Hakumwambia imani yake imepungua. Alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji. Eliya akala, akalala. Malaika akaja mara ya pili, akamlisha tena, kwa sababu njia iliyokuwa mbele yake ilimzidi nguvu. Ndipo akatembea siku 40 mpaka Horebu. Chakula kilitangulia, safari ikafuata.

Usiponisikiza mimi, msikize Yoshua. Katika sura ya 1 anawatuma maofisa kambini wawaambie watu watayarishe vyakula, maana baada ya siku tatu watavuka Yordani. Wakati huo mana ilikuwa bado haijakoma. Na mto ule ungesimama kwa muujiza! Mungu anayesimamisha mto hakuona aibu watu wake wakifunga chakula cha njia. Basi wewe unayepanda basi la usiku kwenda Nairobi, zaidi ya kilomita 500, tumbo tupu, kisha unasema "Bwana atatoa njiani," hiyo imani umeipata wapi?

Wapo wanaoona haya. Kubeba kontena la chakula wanaliona ni jambo la kishamba. Afadhali anunue chipsi na soda, aonekane. Mpendwa, siku ile watu 5,000 walipolishwa, muujiza ulianzia kwenye chakula cha kijana mmoja. Mikate 5 ya shayiri na samaki 2. Hicho si chakula cha kifahari, ni chakula cha mtu wa kawaida kama sisi. Yesu hakukidharau.

Na wapo wanaobana pesa. Hapa nasema kwa upole, kwa sababu najua nia yenu ni njema. Umepewa posho ya safari, unaamua kushinda na soda moja na mandazi ili urudi na kitu nyumbani, mtoto alipiwe karo. Mungu anaona moyo huo. Lakini mwili nao unadai. Soda ya nusu lita ina sukari inayopita vijiko 10 vya chai, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe kama vijiko 6 kwa siku ili awe na afya bora. Ukiishi hivyo miaka kumi, karo uliyookoa utaipeleka kliniki ya sukari na presha. Chakula cha kutoka nyumbani kinaokoa posho na kinakuokoa wewe pia.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniumiza. Mtu ameshinda bila kula kwa sababu ya haraka au ya kubana pesa, halafu anaipa njaa hiyo jina la kiroho: "Niko kwenye mfungo." Hapana. Kufunga ni kitu unachopanga na Mungu, kina mwanzo, kina mwisho, kina maombi ndani yake. Yesu mwenyewe alipomaliza mfungo wake, malaika walikuja kumhudumia.

Sisi watu wa Malindi tuna sababu ya kusema hili kwa sauti. Mwaka wa 2023 dunia nzima ilijifunza jina la Shakahola. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule, na watoto wamo. Watu walifunzwa kwamba kuunyima mwili chakula mpaka ufe ni njia ya kumwona Yesu. Mchungaji yeyote wa Kilifi anayewaita watu kufunga, na asiwafundishe pia kula, hajajifunza kitu. Mimi nasema wazi: mwili wako ni hekalu la Roho Mtakatifu, na hekalu halibomolewi ili Mungu aabudiwe. Ukiwa unameza dawa za sukari, za presha au dawa nyingine za kila siku, usifunge kabla ya kuongea na daktari. Na ukiwa umeshika usukani wenye roho za watu, kula. Njaa na usingizi barabarani haviheshimu upako.

Basi tufanye nini? Anza jioni. Na ninyi wababa, usimwamshe mama watoto saa tisa ya usiku akupikie. Weka sufuria wewe mwenyewe. Chemsha mihogo, viazi vitamu, mayai ubebe na maganda yake. Ongeza ndizi, machungwa, njugu au korosho zetu za hapa Kilifi. Chapati mbili na samaki mkavu zinafika mbali. Maji usisahau, kwa joto letu hili.

Lakini kuwa na hekima. Mbaazi za nazi na wali wa nazi kula nyumbani kabla ya kutoka, kwa maana nazi huchacha upesi. Chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto kupita saa mbili, labda kiwe ndani ya hotpoti na bado kina moto. Na wewe unayeingia mbuga za wanyama, kumbuka tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa humo. Beba chupa yako ya kudumu.

Siku ambayo hukuweza kubeba, ingia kibandani uagize sima, maharagwe na mboga. Na kule semina kwenye bafe, kumbuka sahani ni moja na tumbo ni moja. Cha bure nacho kinanenepesha!

Kanisa linahitaji watu watakaofika Horebu yao. Sitaki kukuzika ukiwa na miaka 45 halafu nisimame kaburini niseme Bwana ametoa, Bwana ametwaa, kumbe tulikuacha ujiue kidogo kidogo barabarani.

Tuombe: Baba, tunakushukuru kwa kazi na kwa safari. Wabariki wanaotoka alfajiri ya kesho. Bariki mikono itakayopika usiku huu na vikapu vitakavyofungwa. Utupe akili ya kuutunza mwili uliotupa, na uturudishe nyumbani salama. Katika jina la Yesu, Amina.

Unasafiri wiki hii? Andika hapo chini unakoenda tukuombee, na utuambie umebeba nini. Mtumie ujumbe huu dereva mmoja unayempenda.

Ubarikiwe.